Mpiga dramu wa roki akishapita miaka 55: kupanga upya mikono, seti na ubunifu

Umri haumnyang'anyi mpiga dramu hisia ya mdundo kwanza. Unachukua nguvu ya ghafla. Nyuzi za misuli zinazofanya kazi ya haraka husinyaa mapema kuliko zile za kazi ya polepole, na misuli kwa jumla hupungua kati ya asilimia 3 na 8 kwa kila muongo baada ya miaka 30, kisha upungufu huongeza kasi baada ya 60. Kano hukakamaa na zikiumia huchelewa kupona. Ndiyo maana mtu wa miaka 62 anaweza kushika tempo vizuri kuliko alivyokuwa na miaka 25, lakini akipiga roli ndefu (mfululizo wa mapigo ya haraka) mwishoni mwa wimbo vigasha vinakaza na mapigo ya mwisho yanapotea. Wanaoumia zaidi ni wale wanaoziba pengo hilo kwa kukaza mkono.

Mifano miwili inafaa kuwekwa mezani mapema. Charlie Watts alipiga onyesho lake la mwisho na Rolling Stones huko Miami, Agosti 2019, akiwa na miaka 78, kwenye seti ndogo ya ngoma nne. Neil Peart, mpiga dramu wa bendi ya Rush, aliacha jukwaa baada ya ziara iliyomalizika Agosti 2015, akiwa na miaka 62, bega na kano zikiwa zimechoka. Si kwamba mmoja alijitunza na mwingine hakujitunza. Kazi ya Peart ilidai mwili wa mwanariadha kwa karibu saa tatu kila usiku. Kazi ya Watts ilikuwa na nafasi za kupumua tangu alipokuwa kijana. Nafasi hizo zinaweza kutengenezwa hata kwenye nyimbo zako za kasi.

Pima kabla ya kubadili chochote

Rekodi zoezi zima la bendi kwa simu, ukiiweka ubavuni mwako ili ione bega, kiwiko na kifundo cha mkono. Wimbo mmoja hautoshi, kwa sababu uchovu hujitokeza baada ya dakika 40 hivi. Halafu kaa na programu yoyote ya kupima tempo, ulinganishe kiitikio cha kwanza na cha mwisho cha kila wimbo.

Tofauti ya mapigo 2 au 3 kwa dakika ni ya kibinadamu na haisumbui mtu. Ikishuka zaidi ya 5, mwili umechoka. Ikipanda, hasa ndani ya roli, tatizo ni mkazo: misuli iliyokaza haiwezi kungoja, inakimbilia mwisho. Sikiliza pia kama snea (ngoma ndogo ya sauti kali iliyo mbele yako) ya hesabu ya 2 na ya 4 ina sauti ileile kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa anayetumia mkono wa kulia, wa kushoto ndio husaliti kwanza. Kwenye picha angalia mabega yanayopanda kuelekea masikio, ukucha wa kidole gumba uliopauka kwa kubana, na kifua kisichopumua wakati wa roli. Wapiga dramu wengi hubana pumzi bila kujua, na dawa yake ni rahisi: toa pumzi unapoanza roli.

Seti: leta kila kitu karibu na chini

Anza na kiti, kwa sababu vingine vyote hupimwa kutoka hapo. Nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, paja likiteremka kuelekea mbele na pembe ya goti ikizidi nyuzi 90. Kiti cha chini mno, ambacho vijana wengi wa roki wanakipenda, hulazimisha mgongo wa chini kupinda na misuli ya mbele ya nyonga kufanya kazi mara mbili kila unapoinua mguu. Ukipandisha kiti, pandisha sentimita 1 kwa wiki. Ukiruka sentimita 5 siku moja, mguu wa pedali utapoteza kipimo chake na utadhani umeharibikiwa.

Kisha matoazi. Hakuna toazi linalopaswa kukufanya uinue kiwiko juu ya bega. Kano za bega hupita kwenye mwanya mwembamba chini ya mfupa, na kila unapoinua mkono juu ukiwa umeunyoosha, zinasuguliwa. Shusha krashi, toazi la kupiga kwa mkazo, hadi urefu wa kidevu au chini yake, uisogeze karibu, uiinamishe kidogo kuelekea kwako ili kijiti kikate ukingo badala ya kuugonga moja kwa moja. Raidi, toazi la kushikilia mdundo, iwe mahali ambapo kiwiko kinaning'inia ubavuni. Kama lazima ujinyooshe kuifikia, utalipa kwa bega la kulia.

Ngozi za ngoma nazo zina mchango mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Tomu ya chini (ngoma pana inayosimama sakafuni) iliyolegezwa ili itoe sauti nzito haimrudishii mpigaji kitu. Kila pigo unalinyanyua mwenyewe. Kaza ngozi ya juu kidogo, na uzito wa sauti uutafute kwenye ngozi ya chini. Snea iwe imekaza kiasi kwamba kijiti kikidondoshwa kutoka sentimita 20 kinaruka chenyewe mara kadhaa. Hicho ndicho kipimo: kijiti kikifa baada ya mruko mmoja, kaza tena, robo mzunguko kwa kila skrubu, ukivuka kwenda upande wa pili kila mara ili ngozi isivutike upande mmoja.

Na mizigo: begi la stendi lenye kilo 25 ligawanywe kuwa mawili. Migongo mingi ya wapiga dramu imeharibikia kwenye buti la gari.

Vijiti na mshiko

Kosa la kawaida kwa mtu anayeanza kuumwa vidole ni kununua vijiti vyembamba. Kijiti chembamba ni chepesi, kweli, lakini vidole vinalazimika kubana zaidi ili kisiponyoke, na anayebana ni kidole gumba, ambacho kiungo chake cha shina ni mojawapo ya sehemu za kwanza kushikwa na baridi yabisi ya uzeeni. Kijiti cha saizi ya 5A kina kipenyo cha milimita 14 na kidogo, 5B kama 15, na 7A chini ya 14. Mwenye maumivu ya shina la kidole gumba mara nyingi hupata nafuu akienda 5B ya mti wa mepo, ambao ni mwepesi kuliko hikori, mti wa vijiti vingi vya kawaida: mshiko unanenepa bila uzito kupanda sana. Mepo huvunjika mapema, hilo likubali. Ukipenda kubaki na hikori, zungushia utepe wa mshiko sehemu ya nyuma.

Mwaloni uachie wengine. Ni mzito na unarudisha mtikisiko mwingi kwenye mkono.

Kuhusu mshiko wenyewe, jaribu hili: shika kijiti, piga polepole kwenye pedi ya mazoezi, halafu mtu akivute kutoka nyuma. Kitoke bila kugombana. Kama hakitoki, unabana. Sogeza egemeo kutoka kati ya gumba na kidole cha shahada hadi kati ya gumba na kidole cha kati, vidole vingine vikikigusa kijiti bila kukikamata. Kidole cha kati kina nguvu zaidi, na gumba linaweza kulala ubavuni badala ya kusukuma.

Peart alikwenda kwa mwalimu Freddie Gruber katikati ya miaka ya 1990, akiwa tayari ni mmoja wa wapiga dramu wanaoheshimiwa zaidi duniani, akavunja mshiko wake na kuujenga upya. Miaka zaidi ya kumi baadaye akaketi tena kama mwanafunzi mbele ya Peter Erskine, mpiga jazi. Kwa hiyo mwenye miaka 55 asione aibu kutafuta mwalimu, na ikiwezekana atafute mtu wa jazi. Wao wamefundishwa kupiga kwa mruko wa kijiti tangu siku ya kwanza.

Mruko badala ya msuli

Zoezi hili lifanywe kwa wiki sita kabla ya kuhukumu matokeo. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabia tempo) kwenye mapigo 60 kwa dakika. Inua kijiti hadi ncha ielekee juu, kiachie kidondoke kwenye pedi ya mpira, na usikizuie kurudi juu. Kazi ya mkono ni kukifungulia njia tu. Mapigo 8 kulia, 8 kushoto, kwa dakika 5. Ukiona kijiti kinasimama chini, kuna kidole kinakibana. Usipandishe tempo hadi pande zote mbili zirudi kwa urefu sawa, kisha ongeza 4 kila wiki.

Baada ya hapo ongeza mbinu ya Moeller: kigasha kinapanda kwanza, kifundo kinafuata, kijiti kinachelewa nyuma, halafu vyote vinashuka kwa mpangilio huo na kutoa pigo moja zito. Mkono ukiwa unapanda kwa ajili ya pigo linalofuata, kijiti kinatoa mapigo mawili mepesi njiani. Mwendo mmoja wa mkono, mapigo matatu. Kwa wimbo wa 150, hiyo ni theluthi moja tu ya kazi uliyokuwa unaifanya.

Sauti kubwa nayo haihitaji mkono mkubwa. Pigo linalogusa ngozi na ukingo wa chuma kwa pamoja hutoa sauti kali kwa urefu mdogo wa kijiti. Tahadhari yake: ukilipiga huku umebana, mtikisiko wote unapanda hadi kwenye kiwiko, na baada ya miezi michache utakuwa na maumivu upande wa nje wa kiwiko ambayo hayaondoki kwa kupumzika wiki moja. Kwenye ukumbi wenye maikrofoni kila ngoma, mwambie fundi mitambo apandishe snea, wewe ubaki kwenye robo tatu ya nguvu zako.

Haihati, matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu, ndiyo inayokula mkono wa kulia. Wimbo wa tempo 180 wenye mapigo mawili kila hesabu unadai mapigo 6 kwa sekunde kwa mkono mmoja. Kuna njia tatu za kuupunguzia mzigo. Ya kwanza ni kugawana, kulia na kushoto kwa zamu, na snea ipigwe na mkono ulio karibu. Ya pili ni kupiga moja tu kwa kila hesabu na kufungua haihati nusu ili sauti ijaze nafasi. Ya tatu ni ile ya Watts: kila snea inapolia kwenye hesabu ya 2 na ya 4, mkono wa kulia unaiacha haihati. Hesabu yake ni hii: wimbo wa dakika 4 kwa tempo 130 una vipimo 130 (kimoja ni hesabu nne), kila kimoja mapigo 8 ya haihati. Ukiondoa mawili kwa kila kipimo, umeokoa mapigo 260 katika wimbo mmoja, na snea imepata uwazi wa kusikika. Watts hakuifanya kwa sababu ya uzee. Ni alama yake. Wewe unaweza kuichukua kwa sababu yoyote.

Miguu

Anayepiga kisigino kikiwa juu muda wote anachosha nyonga na mgongo. Usilazimishe kisigino chini kwa kila wimbo, nguvu haitatosha kwenye roki. Changanya: beti kisigino chini, kiitikio kisigino juu. Legeza springi ya pedali hadi uzito wa mguu peke yake ushushe nyundo karibu yote. Springi iliyokaza sana, ambayo wengi wanadhani inaleta kasi, inaufanya mguu usukume dhidi yake kila pigo. Kwa mapigo mawili ya haraka, telezesha mguu mbele kwenye ubao wa pedali: pigo la kwanza katikati ya ubao, la pili karibu na mnyororo. Vaa kiatu chenye soli nyembamba na laini, kwani soli ya mpira mnene haitelezi.

Moyo, kupasha mwili na mazoezi

Utafiti uliofanywa Uingereza kwa kushirikiana na Clem Burke, mpiga dramu wa bendi ya Blondie, mradi ulioanza 2008, ulionyesha kwamba moyo wa mpiga dramu wa roki jukwaani hudunda kwa wastani wa mara 140 hadi 150 kwa dakika na unaweza kufika 190. Sasa chukua ile kanuni ya jumla ya 220 ukitoa umri: mwenye miaka 65 anapata 155. Maana yake onyesho la kawaida linamweka karibu kabisa na dari yake. Kutembea kwa kasi dakika 30, siku nne au tano kwa wiki, ni sehemu ya kazi ya dramu kama ilivyo pedi. Anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo asitumie kanuni hiyo kabisa, azungumze na daktari wake.

Kabla ya onyesho, tenga dakika 20. Tano za kutembea na kuzungusha mabega hadi mwili upate joto. Kama kuna baridi, mikono ndani ya maji ya uvuguvugu kwa dakika 3. Kisha pedi: dakika 10 kuanzia tempo 60, mapigo ya mruko tu, bila kufika kasi yako ya juu. Usivute kano kwa nguvu kabla ya kupiga. Kunyoosha kwa muda mrefu kufanyike baadaye.

Mazoezi ya nyumbani yagawanywe: vipande vitatu vya dakika 20 na mapumziko ya dakika 10 vinashinda saa moja mfululizo. Baada ya onyesho zito, siku mbili bila pigo la nguvu. Kwa misuli, kigasha kinahitaji zaidi upande wa juu, ule unaofungua kiganja, kwa sababu upande wa kubana tayari unafanya kazi kila siku. Chupa ya maji ya lita 1, kigasha juu ya meza, kiganja kikiangalia chini, ishushe polepole kwa kuhesabu hadi nne kisha uinyanyue kwa msaada wa mkono mwingine. Mizunguko 3 ya mara 12, siku tatu kwa wiki. Mipira ya kukamua achana nayo.

Dalili zisizosubiri

Ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, huashiria mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo. Ganzi ya kidole cha mwisho huelekea kwenye kiwiko. Ganzi inayotoka shingoni ni nzito zaidi: Phil Collins, mpiga dramu na mwimbaji wa Genesis, aliumia mifupa ya shingo kwenye ziara ya 2007, akafanyiwa upasuaji 2009, na mikono haikurudi, mwanawe Nic ndiye aliyekalia kiti cha dramu ziara ya 2017. Maumivu yanayobaki asubuhi ya pili yanataka mtaalamu wa tiba ya viungo, na ni vizuri aione video yako ukipiga. Upande mmoja wa mwili ukipoteza nguvu ghafla, hospitali saa hiyohiyo. Ian Paice, mpiga dramu wa Deep Purple, alipatwa na kiharusi kidogo 2016, akatibiwa mapema, akarudi kwenye kiti.

Masikio ni mkasa wa kimya. Kwenye desibeli 100 muda salama ni dakika 15 hivi kwa siku, na dramu ya roki inapita hapo bila shida. Sikio likipoteza sauti za juu, mpigaji hasikii tena matoazi yake vizuri, anayapiga kwa nguvu zaidi, na anamaliza kile kilichobaki. Vaa vizibo vyenye kichujio vya kupunguza desibeli 15 hadi 20, hata kwenye mazoezi.

Orodha ya nyimbo

Wimbo wa kasi kuliko yote uwe wa nne au wa tano, mikono ikiwa imepata moto na uchovu haujaingia. Usiweke nyimbo mbili za roli nzito zikifuatana. Jadili tempo na bendi kwa namba: wimbo uliorekodiwa kwa 132 huwa unapigwa kwa 138 kwa sababu ya msisimko wa jukwaa, na hizo 6 ndizo zinazokumaliza. Metronomu ya mwanga kando ya haihati inatosha.

Ubunifu

Hapa pana utajiri zaidi, na pana hatari pia. Miaka 40 ya kupiga inajaza mikono na misamiati, na mikono iliyochoka inarudi kwenye njia inayoijua. Ndipo roli zile tano zinapojirudia kila usiku. Upande mwingine, mzee anasikia wimbo mzima: anajua mwimbaji atavuta pumzi wapi, anajua besi itangoja wapi. Kijana anajaza nafasi. Mtu mzima anajua ipi ibaki tupu. Ubunifu wa umri huu unatoka kwenye uteuzi, na uteuzi unafundishika.

Andika roli zako tano za kawaida kwenye karatasi, ukionyesha mkono unaoanza na ngoma zinazofuata. Zipige marufuku kwa mwezi mmoja. Wiki ya kwanza utaona mashimo kwenye nyimbo, na mengi ya mashimo hayo hayahitaji kujazwa. Yanayohitaji, anza roli kwa mkono wa kushoto, au ianzie nusu ya pili ya hesabu ya 3 badala ya hesabu ya 4. Badiliko hilo dogo linavunja mpangilio wote wa mkono.

Ondoa ngoma moja kwa wiki mbili. Bila tomu ya juu, kila roli lazima ifikiriwe upya. Halafu chukua wimbo wa kasi, tuseme 160, na ugeuze mdundo uwe wa nusu: snea moja tu, kwenye hesabu ya 3. Tempo haijabadilika kwa wenzako, gitaa zinakwenda vilevile, lakini mapigo ya snea yamepungua kwa nusu na kiki, ngoma kubwa ya mguu, ina uwanja wa kuzungumza. Nyimbo nyingi za roki ya zamani zinapata uzito mpya kwa namna hii, na zinastahili kujaribiwa kwenye mazoezi kabla ya kuzifuta kwenye orodha kwa sababu ya kasi.

Cheza pia na sauti za chini. Mapigo mepesi kabisa ya mkono wa kushoto, kijiti kisipande zaidi ya sentimita 3, katikati ya snea kubwa mbili. Hayadai nguvu, yanadai udhibiti, na udhibiti huo hauzeeki haraka. Ukipiga kwa brashi au vifurushi vya vijiti vyembamba kwenye beti, kiitikio kinasikika kikubwa hata ukikipiga kwa nguvu ndogo.

Na tafuta mdundo ambao mikono yako haikukulia nao. Ginger Baker, mpiga dramu wa bendi ya Cream, aliishi Nigeria miaka ya 1970, akapiga na mwanamuziki Fela Kuti, na mgawanyo wa tatu-tatu (hesabu moja kugawanywa mapigo matatu) haukumtoka tena mikononi. Msomaji wa pwani yetu hana haja ya kusafiri: chakacha imejengwa kwa mgawanyo huohuo. Weka mwendo wake kwenye ukingo wa tomu ya chini kwa mkono wa kulia, kiki ishike mapigo mawili makuu, kushoto kwako kutafute penye nafasi. Anza kwa 80, dakika 10 kwa siku. Utakapoanza kusikia mdundo wa mbili na wa tatu kwa pamoja bila kuhesabu, upeleke kwenye wimbo wa roki ambao bendi imeuchoka, na umwombe mpiga besi ashike upande wa mbili wakati wewe unashika wa tatu.